Benchi la Nyuma

Chanceline alimtambua kwa mwendo kabla hajauona uso. Aksanti hakuwa mtu wa kukimbilia mahali. Alitembea kama mtu anayejua kwamba kazi yake itamngoja. Alikuwa akishuka kutoka barabara kubwa ya Rumonge, akipita katikati ya michikichi, kifurushi kimebanwa kwapani, na kila hatua aliyopiga ilimpunguzia Chanceline pumzi, hata akajikuta ameshika ndagala konzi nzima bila kujua azipeleke wapi.

Miezi sita kasoro siku mbili. Moyo ulikuwa umehesabu wenyewe, bila kutumwa.

"Ndagala zangu unaziponda," alisema Mwasiti. "Fungua mukono."

Chanceline alifungua mkono. Samaki wadogo, wakavu, wenye kung'aa kama vipande vya bati, walianguka juu ya wavu.

Mwasiti ndiye aliyekuwa mwenye vile vichanja vya kuanikia ndagala pale ufukoni Minago. Alikuwa mwanamke mnene, Mwislamu wa ukoo wa zamani pale pwani, mwenye sauti ya kuita mtumbwi urudi kutoka katikati ya ziwa. Aligeuka kuangalia kile kilichomgandisha mwenzake, akashika kiuno.

"Ala! Si yule fundi wa mitumbwi?"

"Dada, polepole. Atasikia."

"Asikie! Miezi sita anagonga misumari kule Muhuta, hata salamu ya kumpa mwenye baiskeli ya taksi-velo hakutuma. Ningekuwa weye ningemupokea na mwiko."

Lakini Chanceline hakuwa na mwiko, wala hasira ya kuushika. Alikuwa na kitambaa cha zamani kichwani, magamba ya samaki mpaka kwenye viwiko, na mguu wa kulia uliomfanya achechemee. Alitamani dakika tano tu za kunawa. Hakuzipata.

"Amahoro," alisema Aksanti.

"Amahoro."

Wakatazamana. Alikuwa amekonda, na kidevu chake kilikuwa na ndevu ambazo hazikuwapo. Macho yalikuwa yale yale, makubwa, ya upole, yaliyokuwa yakimtafuta kila Jumapili katika safu ya waimbaji wa korali, siku zile ambazo bado alikuwa na haki ya kusimama kwenye korali.

"Shemeji," alisema Mwasiti, "au nikuite nani siku hizi?"

"Niite vile ulivyokuwa ukiniita, dada Mwasiti."

"Hilo si langu kuamua." Akamtazama Chanceline, kisha akatazama ng'ambo ya ziwa, ambako wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya milima ya Kongo. "Mvua ile inakuja huku. Ikinyesha juu ya ndagala zangu, nitalia mpaka Kizuka wanisikie. Kama umekuja kusema, sema, lakini sema mikono ikifanya kazi." Akamtupia kapu, akaenda kwenye vichanja vya mbali, akitembea taratibu kuliko ilivyohitajika.

Wakaanza kukusanya, Chanceline upande mmoja wa kichanja, Aksanti upande wa pili.

"Muguu uko je?" aliuliza Aksanti.

"Umefunga. Mwezi wa pili sasa."

"Mama aliniuliza hilo. Umefunga lini. Nilipomwambia nimesikia kwa watu ni juzi juzi tu, tena kwa dawa ya dispanseri, alisukuma sahani. Hakula siku hiyo."

Chanceline alizidi kukusanya ndagala. Kumtaja mama yule kulikuwa kama kugusa kovu lenyewe.

Hapa yafaa msomaji aambiwe yaliyotokea. Mwaka mmoja na zaidi kabla ya Jumamosi hii, pipa la mawese yaliyokuwa yakichemka lilipinduka katika kiwanda kidogo cha baba yake mdogo, kule Kizuka, likammwagikia Chanceline kuanzia goti hadi kwenye vidole. Zilikuwa zimebaki wiki sita afunge ndoa na Aksanti. Harusi ikasogezwa, kisha ikasogezwa tena, maana kidonda kilikataa kufunga. Mwezi wa saba tangu ajali, mama yake Aksanti, muombezi aliyejulikana kuanzia Minago mpaka Rumonge mjini, akamchukua nyumbani kwake wamfungie maombi pamoja na wanawake wengine wanne. Siku tatu bila chakula wala maji. Siku ya tatu Chanceline akaungama kwamba alizini na mwanaume mmoja wa bandarini. Jumapili iliyofuata kanisa lilimtenga kwa miezi sita: asiimbe, asishiriki meza ya Bwana, akae benchi la nyuma karibu na mlango. Aksanti alisikia hukumu ile akiwa amesimama upande wa wanaume. Kesho yake alfajiri akaondoka kwenda Muhuta.

Na miezi sita ile ilikuwa inakwisha kesho.

"Nimekuja na neno zuri," alisema Aksanti. Aliweka kapu chini, akafuta mikono kwenye suruali, akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na imvutano, vazi lile ambalo wanawake hufunga begani siku za heshima, jeupe lenye maua ya dhahabu pindoni, limekunjwa kwa uangalifu mkubwa. "Ni ya mama. Aliivaa siku yake na marehemu baba. Amekubali, Chanceline."

"Amekubali nini?"

"Weye. Sisi." Sauti yake ilitetemeka kwa furaha aliyokuwa ameibeba njia nzima. "Kesho unasimama mbele. Unasema lile neno moja, nashukuru Mungu na kanisa kwa kunisamehe uzinzi wangu. Pasteri Bernardo anakupa mukono, korali inaimba. Halafu mama mwenyewe anatoka mahali pake, anakufunga hii begani, kanisa lote likiona. Wiki ijayo wazee wetu wanapanda Kizuka kwa baba yako mudogo. Kabla ya Noeli tuko nyumbani mwetu."

Chanceline alinyoosha mkono bila kutaka. Kitambaa kilikuwa laini, chenye harufu ya sanduku la mbao. Aliiona siku ile nzima mbele yake: bega lake limefunikwa, jina lake limeoshwa, na mtu huyu akirudi nyumbani jioni na harufu ya mbao na lami, akiuliza kuna nini jikoni. Hakuwahi kutamani kitu maishani kama alivyotamani kile. Kilikuwa karibu hivi, urefu wa sentensi moja.

Akaurudisha mkono.

"Aksanti, nikuulize. Walipokuambia, uliamini?"

"Ulisema kwa mudomo wako."

"Najua nilisema kwa mudomo gani. Nauliza kama uliamini."

"Niliumia. Miezi mitatu nilikuwa nikigonga musumari naona kama nagonga kichwa cha yule mwanaume. Mwezi wa nne nikaweza kutaja jina lako bila kukasirika. Halafu siku moja nilikuwa ndani ya mutumbwi ambao haujakwisha, naziba nyufa kwa pamba na mawese, harufu ile ikanikumbusha muguu wako. Nikapiga magoti mule mule. Nikasema, Bwana, nimemusamehe." Alimtazama, na machoni mwake mlikuwa na kitu kama fahari. "Katika maisha yangu sijafanya kazi nzito kama ile."

Chanceline alijua kwamba neno lililokuwa ulimini mwake lingemnyang'anya mtu huyu kitu alichokuwa amekijenga kwa jasho.

"Sikuzini," alisema.

Upepo ulikuwa umeanza kuinua pembe za nyavu.

"Usifanye hivyo," alisema Aksanti polepole. "Si leo. Nimekwisha kusamehe, Chanceline, huna haja ya..."

"Hakuna mwanaume. Hakuna bandari. Fikiri mwenyewe. Muguu ule ulikuwa ukinuka hata mbuzi wa jirani walikuwa wakihama kivuli. Nani angenifuata?"

Angekuwa mtu mwingine angecheka. Aksanti alikaa juu ya ukingo wa kichanja.

"Basi kwa nini ulisema?"

"Shika kapu kwanza. Mvua inakuja."

Wakakimbiza mikono. Matone ya kwanza yaliwapata wakiingiza kapu la mwisho katika banda la Mwasiti, banda la mabati lisilo na ukuta upande wa ziwa. Mwasiti alikuwa amekwisha kuketi pembeni, mgongo umewageukia, akijifanya kushona wavu. Mvua ikashuka yote kwa pamoja, ziwa likapotea, na ikabidi wasogeleane ili wasikizane. Chanceline aliketi juu ya gunia, akaunyoosha mguu, akaanza kusema bila kumtazama.

"Siku ya tatu nilikuwa sioni vizuri tena. Walikuwa wamenizunguka, wanalia kwa ajili yangu. Si kwamba walikuwa wabaya. Mama yako alikuwa ameninawisha uso kwa mikono yake, na yeye pia alikuwa hajanywa hata tone. Lakini alikuwa ameona katika maono kwamba kuna kitu kimefichwa. Akawa ananiambia, sema, binti yangu, sema upone. Nikamuambia sina. Wakaanza kuomba upya. Sema upone. Walikuwa wananiuliza nimeficha nini, Aksanti, tangu Ijumaa mpaka Jumapili. Hakuna hata mumoja aliyeniuliza kama inauma."

Aksanti alifunga macho.

"Nikafikiri, hawa hawataniacha mpaka niwape kitu. Lakini si hilo tu. Ningekuwa nimesema kwa sababu ya kuchoka, ningejisamehe haraka. Mimi niliamini itafanya kazi. Nilimuona Mungu kama ofisi ya komini: peleka karatasi wanayoitaka, utapigiwa muhuri. Wanataka dhambi? Nikawatungia. Nilimuhonga Mungu kwa uongo ili aniponye. Hiyo ndiyo dhambi yangu. Hakuna aliyenitenga kwa ajili ya hiyo."

"Na muguu haukupona."

"Haukupona. Baada ya hukumu ulikuwa vile vile, na weye ulikuwa umeondoka."

Mvua ilipiga mabati. Aksanti alikuwa akiutazama mguu uliofunikwa na kitenge mpaka kwenye kifundo.

"Ni nani aliyekuponya?" aliuliza.

Chanceline alielekeza kidevu upande wa Mwasiti. "Yule pale alikuja nyumbani na baiskeli. Neno lake la kwanza, hata hajasalimu: inauma sana, mudogo wangu? Nikalia mpaka nikatapika. Alinibeba nyuma ya baiskeli mpaka dispanseri, siku baada ya siku, wiki kumi na tano. Siku ambazo muforomo, yule mama muuguzi wa dispanseri, hakuwapo, aliuweka muguu wangu juu ya mapaja yake hapa hapa, akaumwagia maji ya chumvi ya uvuguvugu."

"Nyama zilikuwa zinaonekana kama maini," alisema Mwasiti bila kugeuka. "Simulia vizuri."

"Dada, husikilizi, sivyo?"

"Sisikilizi. Endelea."

Chanceline alitabasamu kidogo, kisha uso ukatulia. "Siku moja alikuwa ananiosha, nikamkumbuka Bwana alivyofunga taulo kiunoni akawaosha rafiki zake miguu. Nimesoma habari hiyo tangu utoto. Siku hiyo ndipo nilipojua inavyokuwa kuoshwa. Kidonda bado kibichi, jina langu limechafuka, mupenzi wangu amekwenda, na nikajua kwamba ninapendwa. Sikusikia sauti. Nilijua tu, kama unavyojua kuna mutu chumbani. Sikuwa nimempa karatasi yoyote, Aksanti. Alikuja bure."

Akausogeza mguu mbali na matone, akaendelea.

"Na lile benchi. Mwanzoni nilitaka ardhi inimeze. Kwa nyuma unaona visigino tu. Unaona nani amekuja na kiatu kilichopasuka, nani amebeba mutoto mwenye homa. Wanaokaa nasi kule ni wanaochelewa, walevi, na wakina mama ambao watoto wao wanapiga kelele. Nikaanza kuwaombea, kisigino kwa kisigino, kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Mwezi wa tatu nikagundua sijauliza 'kwa nini mimi' kwa siku nyingi. Swali lilikuwa limeondoka bila kuaga. Sasa unaniambia nisimame kesho mbele ya Mungu yule yule, nimupe tena uongo ule ule, nipate mume."

Aksanti alipiga goti moja juu ya udongo. "Naweza kuuona?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Hakuna mwanaume aliyekuwa ameuona. Chanceline alikivuta kitenge mpaka chini ya goti. Ngozi ilikuwa imejikunja kama matope ya ziwa yaliyokauka, nyekundu mahali, nyeupe mahali. Aksanti hakugusa. Aliweka mkono wake karibu, kama anavyofanya fundi anayehisi joto la mbao, na Chanceline akahisi mkono ule kama umemshika mwili mzima.

"Nilisamehe kitu ambacho hakikuwapo," alisema Aksanti. "Nilijiona mutu mukubwa, kule Muhuta. Kumbe mimi ndiye..."

"Ndiyo," alisema Chanceline kwa upole. "Ungeniuliza mara moja tu kabla ya kuondoka, ningekuambia. Nilikaa mulangoni siku nzima nikingoja uje uniulize."

Machozi yalimshuka Aksanti bila aibu. Lakini alipoinuka, uso wake ulikuwa umeingia hofu mpya.

"Ukisema hivyo kesho, unajua itakuwa nini kwa mama? Mutu anatoka Kizuka, anatoka Rumonge, anakuja kuombewa na yeye. Miaka ishirini! Tangu ziwa lilipomchukua baba, kitu kilichomusimamisha ni hicho. Utamuvua nguo mbele ya watu."

"Sitataja jina lake."

"Wote wanajua ni nyumba ya nani."

"Najua."

"Na hatakubali tena. Umenielewa? Nikikuoa bila baraka yake, nani atasema maneno ya kukuomba kwa wazee wako? Nitakwenda peke yangu kama mwizi?" Akamshika mikono, magamba na yote. "Ni sentensi moja, Chanceline. Mungu anajua ukweli. Haitoshi yeye kujua?"

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, maana lilitoka katika kinywa alichokipenda. Alimtazama muda mrefu, akaukariri uso ule endapo ungeondoka tena.

"Nakupenda," alisema. "Nilikupenda hata siku zile nilipokuwa nakuchukia. Lakini kitu nilichokipata kwenye benchi lile sikukipata kwa uongo, na nitakipoteza kwa uongo. Nikikipoteza, utaoa nani? Utaoa muguu tu."

Akaikunja imvutano vizuri, akaifunga katika karatasi yake, akaiweka mikononi mwake.

"Murudishie mama. Muambie sijawahi kushika kitambaa kizuri kama hiki."

Aksanti aliondoka mvua ikiwa bado inanyesha, kifurushi amekificha ndani ya shati.

Mwasiti alingoja mpaka alipopotea katikati ya michikichi. Kisha akaja, akaketi kwa kishindo.

"Mimi si wa dini yenu," alisema. "Lakini ningekuwa weye ningesema ile sentensi, ninaolewa, halafu ninatubu taratibu nikiwa nakula samaki wa mukeke wa kukaanga."

Chanceline alicheka, na kicheko kikageuka kilio, na Mwasiti akamvutia kifuani pake akamwacha alie, akimpigapiga mgongo kwa mkono unaonuka samaki.

Jumapili jua lilitoka kali, na ziwa lilikuwa limetulia kana kwamba halikuhusika na mvua ya jana. Chanceline alivaa gauni lake la buluu. Alipanda njia ya kanisa polepole, akaketi benchi la nyuma, kati ya mzee mmoja aliyenuka pombe ya ndizi na mama mwenye mapacha.

Aliona visigino. Upande wa wanaume, safu ya nne, aliona vya Aksanti. Mbele kabisa, upande wa wanawake, viatu vyeusi vilivyopakwa rangi vya mama yake Aksanti, vimebanwa pamoja, havitikisiki.

Pasteri Bernardo, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwita baada ya wimbo wa pili. Safari ya kutoka mlangoni mpaka mbele ilikuwa ndefu kwa mguu ule. Alisikia mchechemeo wake mwenyewe juu ya saruji. Korali walikuwa wamekwisha kusimama, tayari kumwimbia.

"Dada yetu amemaliza muda wake kwa unyenyekevu," alisema mchungaji. "Leo anarudi kundini. Dada, sema neno lako."

Chanceline aligeuka. Hakumtazama Aksanti, kwa maana angeanguka.

"Miezi sita iliyopita," alisema, "niliungama dhambi ambayo sikuifanya. Nilikuwa naumwa, nikaogopa, nikafikiri nikitoa uongo nitapewa uzima. Sikuzini na mutu yeyote. Lakini nilimudanganya Mungu, na niliwadanganya ninyi, na mutu mumoja aliumia sana kwa uongo wangu. Kwa hiyo ndiyo ninaomba musamaha. Wale walioniombea waliniombea kwa upendo, walifunga kwa ajili yangu. Kosa si lao. Kinywa kilikuwa changu."

Kanisa lilivuma kama mzinga uliotikiswa. Mtu alisema "Ee Mungu." Mwingine akasema, "Anajitakasa huyo." Shingo ziligeuka, moja baada ya moja, kuelekea viatu vile vyeusi. Mama yake Aksanti hakugeuka.

Pasteri Bernardo alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Alikuwa mtu mwema, ila alipenda mambo yaende kwa utaratibu, na utaratibu wa jambo hili hakuwa nao.

"Kuungama kwa uongo pia ni dhambi," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Pasteri."

"Nitalazimika... wazee watanisahihisha. Miezi mitatu tena benchi la nyuma."

"Murakoze, nashukuru, Pasteri," alisema Chanceline, na watu waliokuwa karibu waliapa baadaye kwamba alitabasamu.

Akarudi. Safari hii haikuwa ndefu. Mzee wa pombe ya ndizi alimsogezea nafasi kama anayempokea mgeni wa heshima, akamnong'oneza: "Karibu nyumbani." Korali walibaki wamesimama bila kujua waimbe au wakae.

Ndipo akasikia benchi la safu ya nne likikwaruza sakafu. Visigino vile viligeuka. Aksanti alitoka upande wa wanaume, akapita katikati, macho yote juu yake, akaja mpaka nyuma, akasimama mbele ya Chanceline.

"Hapa si pako," alinong'ona Chanceline. "Weye hujatengwa."

"Nilikuwa na swali moja la kuuliza, sikuliuliza," alisema Aksanti. "Nitakaa miezi mitatu. Tutatoka pamoja. Halafu nitakwenda Kizuka kwa wazee wako, hata kama ni peke yangu kama mwizi."

Akaketi. Bega lake lilikuwa na joto. Chanceline aliyafumba macho yake akamshukuru Mungu kimya kimya, kwa maneno machache, maana hapakuwa na mengine.

Alipoyafumbua, shingo zote zilikuwa zimegeukia nyuma. Mbele yake palikuwa na viatu vyeusi.

Aliinua uso. Mama yake Aksanti alikuwa amesimama, mrefu, mkavu, mkoba umeshikwa kwa mikono miwili. Miaka ishirini hakuna aliyemwona katika kanisa lile amekosa la kusema.

"Sogeeni," alisema.

Walisogea. Mzee alisogea, mapacha walisogezwa, benchi likalia. Mama aliketi kati ya Chanceline na mama wa mapacha, akafungua mkoba, akatoa imvutano nyeupe yenye maua ya dhahabu. Hakuifunga begani. Aliitandaza juu ya magoti ya Chanceline, mpaka chini, ikaufunika mguu wote, kisha akaweka kiganja chake juu ya kitambaa, pale kovu lilipokuwa.

Chanceline alingoja maombi yaanze. Hayakuanza.

"Mwanangu," mama aliuliza, kwa sauti ambayo hata Aksanti hakuisikia vizuri, "iliuma sana?"

"Iliuma, mama."

Kiganja kilibaki pale mpaka mwisho wa ibada.